Umri wa Faili

Kati ya tarehe tatu na tarehe kumi na nne ya mwezi ule, fundi umeme mpya aliingia chumba cha sare mara tano. Sikuwa nampeleleza. Benchi langu la maabara liko dirishani, na dirisha langu linatazamana na dirisha la chumba cha sare, ng'ambo ya uwanja wa lami wenye upana wa hatua thelathini na mbili. Chumba cha sare kina cherehani tatu za umeme, pasi mbili na mshonaji mmoja. Mshonaji huyo ni mke wangu.

Cherehani inaweza kuharibika mara moja katika siku kumi na mbili. Mara mbili, kwa bahati mbaya. Mara tano si cherehani.

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni, na kina zahanati yake ya vyumba vitatu: cha nesi, cha daktari anayekuja Jumatano na Ijumaa, na maabara, ambayo ni yangu peke yangu kwa mwaka wa kumi na tisa. Wafanyakazi huniita Dokta Damu. Fundi umeme alihamishiwa kwetu kutoka tawi jingine la kampuni, na haikuisha wiki naye akapewa jina. Walimwita Chipukizi, kwa sababu alicheza winga katika timu ya kiwanda na kuwaacha vijana wa idara ya upakiaji wameshika magoti wakihema. Faili lake lilisema ana miaka arobaini na miwili. Tumbo lake lilikuwa bapa kama ubao wa kupigia pasi. Langu, nesi alilipima kwa utepe, likafika sentimita mia moja na nne. Akaniuliza kama nataka apime tena. Nilimwambia utepe haukosei.

Siku ya tano ya ziara zake, nilivuka uwanja wakati wa chakula cha mchana. Nilimkuta amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu inaning'inia, bisibisi mkononi.

"Shemeji!" aliniambia. "Karibu, karibu ndani."

Alinikaribisha kwenye chumba cha mke wangu.

"Sisimizi," alimgeukia mke wangu, "kumbe huyu ndiye aliyekuoa?"

"Ndiye huyo huyo," mke wangu alijibu, pini tatu mdomoni.

"Sisimizi ni nani?" niliuliza.

"Mimi." Alizitoa pini moja moja. "Nilikuwa naitwa hivyo shuleni. Mdogo kuliko wote, halafu sikosi mzigo kichwani. Huyu kaka tulisoma shule moja. Dunia hii ndogo kweli."

Tulikuwa na miaka ishirini na miwili ya ndoa. Nilijua kundi la damu yake, namba ya kiatu chake, na jino gani linamuuma akinywa maji baridi. Sisimizi sikumjua.

Kuanzia siku ile nilikula chakula changu cha mchana nikiwa nimesimama kwenye dirisha la chumba cha sare. Nilisema napunga hewa. Wapakiaji walihitaji siku mbili tu kunipa jina la pili.

"Askari wa Dirisha!" waliita wakipita na matroli. "Zamu inaisha saa ngapi?"

"Mwacheni mzee wa watu, analinda mali ya kiwanda."

"Mali ya kiwanda ni cherehani. Yeye mbona anaangalia anayeiendesha?"

Mke wangu alicheka nao. Chipukizi pia alicheka, lakini alikuwa na adabu ya kuinama kwanza.

Mwezi huo huo daktari alianzisha zoezi la kutafuta watu wazima walio katika hatari ya ini lenye mafuta. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, anaongea kwa ufupi. Aliwakusanya wafanyakazi kantini na kuwaambia kwamba mafuta yanaweza kukaa kwenye ini miaka kumi na tano bila mtu kuumwa hata ukucha, huku ini likiingia makovu kidogo kidogo na kukakamaa. Walevi si peke yao. Wanaoongoza ni wenye kisukari, wenye kiuno kikubwa, wenye presha na wenye mafuta mengi kwenye damu.

"Basi sisi wenye vitambi tumekwisha," mtu alisema nyuma.

"Simtafuti mnene," daktari alijibu. "Namtafuta aliye hatarini. Mwembamba mwenye sukari namtaka kabla yako."

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kila aliyetimiza miaka thelathini na mitano alipewa fomu. Nesi alipima kiuno, si kwenye mkanda wa suruali ambako wanaume hukaza na kuficha tumbo kwa juu, bali katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Alipima presha, akauliza juu ya sukari na pombe. Mwenye kisukari, au mwenye dalili mbili kati ya zilizobaki, aliletwa kwangu kutolewa damu. Nilipima vimeng'enya viwili vya ini na chembe za kugandisha damu, kisha nikafanya hesabu moja: umri mara kimeng'enya cha kwanza, gawanya kwa chembe mara kipeuo cha pili cha kimeng'enya cha pili. Jibu likiwa chini ya 1.3, mtu anarudi kazini na ushauri wa chakula. Likiwa 1.3 au zaidi, anaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, kwenye mashine inayopima ugumu wa ini. Mashine ile ilikuwa imetutengea nafasi nane kwa mwezi, na orodha ya mwezi ilipaswa kuondoka Ijumaa ya mwisho, saa sita mchana.

Umri hatukuuliza. Fomu zilitoka ofisi ya utumishi zikiwa zimeshapigwa chapa jina, idara na umri.

Chipukizi aliletwa kwangu Jumanne. Alikuwa na kisukari kwa mwaka wa sita na vidonge kwenye mfuko wa shati. Kiuno, sentimita themanini na nne.

"Shemeji, taratibu," alisema akikunja mkono wa shati. "Mishipa hiyo ni ya mchezaji."

"Kunja ngumi."

"Sina wasiwasi. Sisimizi ameniambia una mkono mwepesi."

Alimwambia lini, na katika mazungumzo gani, sikuuliza. Mshipa wake ulikuwa mzuri, umenyooka. Nilitumia sindano ya kawaida nikamchoma mara moja. Nalitaja hili kwa sababu niliwaza kumchoma mara mbili.

Majibu yake: kimeng'enya cha kwanza 48, cha pili 49, chembe 260. Vimeng'enya vilikuwa juu kidogo, kama vya wengi wenye sukari. Umri 42. Nilibonyeza kikokotoo: 1.11. Langu mwenyewe, nililolipima wiki ya kwanza, lilikuwa 1.22. Nilitazama zile namba mbili kwa muda usio na sababu ya kitaalamu. Hata ini lake lilikuwa changa kuliko langu. Niliandika 1.11, nikaweka sahihi, nikaifungia fomu kwenye jalada la waliosalimika.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikwenda sokoni, nami nikafungua sanduku lake.

Si sanduku la siri. Ni la plastiki ngumu, lina vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa yetu, risiti za cherehani yake ya nyumbani, na chini kabisa bahasha ya mambo yake ya zamani. Nilitafuta barua. Nilipata picha. Wanafunzi kumi na watano mbele ya ukuta wa matofali, washindi wa mbio za kupokezana. Katikati, mvulana mrefu mwenye beji ya kiranja, sikio lake la kushoto limekatika ncha, kama lilivyo hadi leo. Mbele yake, msichana mdogo kuliko wote amekumbatia rundo la mashati ya wakimbiaji mpaka kidevuni. Mkono wa mvulana ulikuwa juu ya kichwa cha msichana.

Niliutazama mkono ule kwanza. Baadaye ndipo nilipogeuza picha. Nyuma, kwa mwandiko wa mwalimu, iliandikwa: *Kiranja na timu, darasa la saba; mbeba mashati, darasa la nne.* Na mwaka.

Nilitoa mwaka ule kutoka mwaka wa sasa. Thelathini na tisa. Mke wangu ana hamsini, kwa hiyo alikuwa na kumi na moja. Inakubalika kwa darasa la nne. Fundi umeme, kwa mujibu wa faili, ana arobaini na miwili. Kwa mujibu wa faili, basi, Chipukizi alikuwa kiranja wa darasa la saba akiwa na miaka mitatu.

Nilicheka peke yangu chumbani.

Kiwandani kwetu kila mtu anajua kuna umri wa faili na umri wa mama. Umri wa faili ni ule mtu anaoutaja siku ya kuajiriwa. Umri wa mama ni ule mama yake anaoujua. Kustaafu ni miaka sitini ya faili, hakuna mjadala, na wengi walijipunguzia mapema ili wapate miaka ya ziada mbele. Akigundulika mtu, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimelisikia jambo hili kwa miaka kumi na tisa kama mtu anavyosikia mvua. Sasa nilikuwa na mvua hiyo kwenye bahasha. Kutoka maabara mpaka ofisi ya utumishi ni hatua sitini. Niliziona zote, moja baada ya nyingine, na mwisho wake niliona uwanja wa lami mtupu na dirisha la chumba cha sare bila bisibisi.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kikokotoo cha simu. Darasa la saba ni miaka mitatu mbele ya la nne: alikuwa na kumi na minne, leo ana hamsini na mitatu. Kwa mazoea tu, bila wema wowote, niliweka 53 mahali pa 42.

1.40.

Nilirudia. Hamsini na tatu mara arobaini na nane, gawanya kwa mia mbili sitini mara saba. 1.40 kila mara.

Kwa umri wa faili hakuwa na haja ya mashine. Kwa umri wa mama alipaswa kwenda, na aliyeandika fomu ya kumzuia ni mimi. Sikuwa nimekosea. Hilo ndilo lililonikalisha kitandani na picha mkononi. Ningeweza kwenda utumishi na nikaonekana mwaminifu. Ningeweza kukaa kimya na nikawa sahihi, maana 1.11 ilikuwa na sahihi yangu na kila tarakimu yake ilitoka kwenye karatasi halali. Njia zote mbili zingemwondoa, moja mwezi huu na nyingine polepole, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu.

Niliirudisha picha kama nilivyoikuta. Mke wangu aliporudi, aliuliza kwa nini sijawasha jiko. Nilisema nilikuwa na hesabu.

Nilinyamaza Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Sitaki kusema nilikuwa napambana na nafsi. Nilikuwa nafurahia. Nilipomwona anavuka uwanja na kisanduku chake cha vifaa, nilijua jambo juu yake ambalo yeye mwenyewe hakulijua, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano nilikula chakula changu nikiwa nimekaa. Jumanne mchana alimletea mke wangu waya mpya wa pasi, akampigia saluti kama mwanajeshi, naye akamrushia kipande cha kitambaa. Nikajikuta nahesabu: miaka mingapi ini huchukua kutoka kukakamaa mpaka kushindwa? Nilikuwa nalijua jibu, ni mojawapo ya mambo niliyosomea. Nilipogundua nilichokuwa nakihesabia, niliacha kula.

Jumatano nilikwenda kwa daktari na karatasi isiyo na jina.

"Kama umri ungekuwa hamsini na tatu," nilisema, "huyu angevuka."

Aliisoma. "Na fomu inasemaje?"

"Arobaini na miwili."

"Umeujuaje huo mwingine?"

"Kuna picha."

"Nani?"

Nilimwambia. Alivua miwani akanitazama. Hata yeye, anayekuja mara mbili kwa wiki, alikuwa na habari za Askari wa Dirisha.

"Kaka," alisema, "umri wa mgonjwa anausema mgonjwa. Aje anitajie mwenyewe hapa ndani, mlango umefungwa. Mimi sitaugusa ule wa utumishi. Fomu ina sehemu ya chini, 'sababu nyingine ya daktari'. Nitaandika kisukari na uamuzi wangu, basi, na atakwenda kwenye mashine. Lakini siandiki kwa kuambiwa na wewe. Akiniambia yeye, ni siri ya mgonjwa. Ukiniambia wewe, ni umbea."

"Orodha inaondoka keshokutwa."

"Basi una siku mbili."

Nilimkuta Chipukizi kwenye chumba cha mitambo ya umeme, amechuchumaa mbele ya kabati la swichi.

"Shemeji! Leo umehama dirisha?"

"Nimerudia hesabu yako," nilisema. "Kwa umri wako halisi, unatakiwa kwenda kupimwa ini. Mwambie daktari umri wako. Hatauandika popote."

Hakugeuka. Alikaza skrubu moja mpaka mwisho.

"Umri wangu halisi ni huo wa fomu."

"Ulikuwa kiranja ukiwa na miaka mitatu?"

Hapo alisimama. Sikuwa nimewahi kumwona bila tabasamu, na nilitambua kwamba uso wake bila tabasamu ulikuwa wa mtu wa hamsini na tatu kabisa.

"Sisimizi kakwambia?"

"Hapana."

"Utumishi wamekutuma?"

"Hapana."

"Basi sikiliza, shemeji. Tangu nije hapa unanitazama kama nimekuibia. Kiwanda kizima kinajua, mpaka paka wa kantini anajua. Leo unakuja kwa hisani yako, unataka niende nikaseme kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi, kwamba nilidanganya umri. Wewe ungekuwa mimi, ungeniamini?"

Nililifikiria swali kwa haki.

"Nisingekuamini," nilisema.

"Umesema kweli." Aliinama kwenye swichi zake. "Mimi naumwa sukari, siumwi ini. Nacheza dakika tisini. Nenda salama."

Nilitembea kurudi maabara. Namba yangu ilikuwa sahihi, utaratibu wa daktari ulikuwa salama, na vyote havikufaa kitu kwa sababu vilitoka mdomoni mwangu. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye angemwamini. Kumpata mtu huyo kulihitaji niseme jambo ambalo ningependa lisijulikane.

Alhamisi jioni mke wangu alikuwa anapiga pasi mezani. Jua lilikuwa bado dirishani. Nilimweleza kuhusu hesabu, kimeng'enya, umri, daktari na saa sita ya Ijumaa. Alisikiliza huku pasi inakwenda na kurudi.

"Picha uliiona wapi?"

"Kwenye sanduku lako."

Pasi ilisimama. Aliinyanyua, akaiweka wima.

"Ulifungua sanduku langu."

"Ndiyo."

"Ukitafuta nini, baba watoto?"

"Barua."

"Barua za nani?"

"Zake."

Hakupiga kelele. Mke wangu akikasirika huwa anakunja nguo. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena kwa ncha zilizolingana.

"Yule ni kaka kwangu. Mkewe alifariki mwaka juzi, watoto wako mbali, hapa hana anayemjua ila mimi. Si ungeniuliza tu?"

"Ningeuliza, ungejibu."

"Na?"

"Jibu si ushahidi."

"Haya. Sasa umeupata ushahidi." Alichukua shati lingine. "Nilibeba mashati."

Nilihesabu mashati yaliyokunjwa mezani. 

"Mbaya zaidi," alisema, "si kufungua sanduku. Umekaa na jambo hili tangu Jumamosi. Leo Alhamisi. Siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa nakula vizuri. Alinitazama kama mtu anavyotazama doa ambalo hajui limetokana na nini. Kisha akazima pasi akaenda chumbani, na nilimsikia akifungua sanduku na kulifunga.

Ijumaa, saa tatu na dakika tano, alivuka uwanja na bahasha. Niliona kupitia dirisha langu. Chipukizi alikuwa juu ya ngazi chini ya taa ya ghala. Alishuka. Mke wangu alimwonyesha picha, na kwa dakika mbili nzima waliinamia picha ile vichwa vimekaribiana, naye Chipukizi akaweka kidole juu yake hapa na pale, nadhani akitaja majina. Walicheka. Mke wangu alifuta macho. Halafu alianza kuongea, na yeye akawa anatikisa kichwa, anatikisa, mpaka mke wangu alipomshika mkono wa ovaroli, juu kidogo ya kiwiko, na kumvuta kama mtu anavyovuta mbuzi mkaidi. Dakika kumi na moja kwa jumla. Waliingia mlango wa daktari pamoja. Mlango ulifungwa. Mke wangu alibaki nje, akaegemea ukuta, akatazama dirisha langu moja kwa moja. Hakunipungia.

Saa tano na nusu daktari aliniletea fomu. Sehemu ya juu ilikuwa vile vile: arobaini na miwili, 1.11, sahihi yangu. Sehemu ya chini aliandika kwa mkono wake: *Kisukari miaka sita. Apimwe ugumu wa ini. Uamuzi wa daktari.*

"Asile kwa saa tatu kabla ya kipimo," alisema, "na kwa vidonge vyake hivyo sitaki aende peke yake, sukari isije ikashuka akaanguka njiani. Hana ndugu hapa. Mkeo amesema atamsindikiza Jumanne."

"Sawa," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Najua kwa sababu niliisikiliza.

Alibaki mlangoni. "Tumepima wangapi mpaka sasa?"

"Mia moja na sita."

"Wangapi wana umri wa faili?"

Nilikuwa nimeshajiuliza. Nilisema sijui, na kwamba hesabu zote mia moja na sita si za kuaminika mpaka tujue. Siku hiyo hiyo tulikubaliana kwamba umri utaulizwa na daktari kwa mdomo, mlango umefungwa, na kuandikwa kwenye daftari lake peke yake. Wiki iliyofuata foleni mbele ya mlango wake ilikuwa ndefu kuliko ya kantini.

"Mimi nimeulizwa nikasema arobaini na tisa," mpakiaji mmoja alisema akitoka.

"Muongo! Wewe tumezaliwa pamoja."

"Basi na wewe kaseme arobaini na tisa, tusionekane tumepishana tumboni."

Watu wanne zaidi walivuka 1.3. Mmoja wao alikuwa karani wa utumishi aliyepiga chapa zile fomu.

Jumanne mke wangu aliondoka saa moja asubuhi. Nilikuwa na sampuli kumi na tatu. Nilizipima zote mara mbili, jambo ambalo si lazima. Dirisha la chumba cha sare lilikuwa limefungwa. Hospitali kubwa iko mwendo wa dakika hamsini. Kipimo chenyewe ni dakika kumi: mtu analala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, kifaa kinagonga ubavuni. Nikiongeza kusubiri, saa mbili. Walipaswa kurudi saa tano. Saa sita hawakuwa wamerudi. Saa saba wapakiaji walipita na matroli na, nakiri, hawakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alirudi saa nane na dakika arobaini. Alikuja maabara moja kwa moja, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mmechelewa," nilisema.

"Foleni."

"Mlikaa wapi?"

"Kwenye benchi."

"Benchi moja?"

"Moja, la watu tisa. Bibi mmoja ameniegemea mpaka bega limekufa ganzi."

"Mliongea nini muda wote huo?"

"Mambo ya shule. Mkewe. Analia akimtaja, nikampa leso."

"Leso yako?"

"Ya serikali," alisema. "Yangu, ndiyo."

"Kala wapi baada ya kipimo?"

"Kwa mama lishe, getini. Nami nikala."

"Mlikaa meza moja?"

Mke wangu aliuvuta mkoba mapajani. Kisha akatoa bahasha ya hospitali kwenye mkoba, akaiweka kwenye benchi langu kati ya rafu za sampuli, na kiganja chake juu yake.

"Umeniuliza maswali mangapi, wewe mtu wa hesabu?"

Nilihesabu. "Sita."

"Sita. Na hujaniuliza kipimo kimesema nini."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta kosa kwenye maneno yake sikulipata. Ningependa kusema wivu uliniondoka hapo. Haukuniondoka, nilikuwa bado naifikiria leso. Lakini aibu ilikuja ikakaa kando yake, kubwa kuliko wivu.

"Kimesema nini?" niliuliza.

Aliondoa kiganja. Nilifungua. Ugumu wa ini: 9.8. Kwa mtu mzima salama, chini ya nane. Makovu yalikuwa yameanza, hayajafika mbali. Daktari wa kule aliandika: soda na sukari basi, vidonge vya sukari vibadilishwe, mazoezi yaendelee, kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Nilichukua kikokotoo nikafanya hesabu moja ya mwisho, ile ambayo nilikuwa nimeikwepa tangu Jumamosi ile. Damu yake ikibaki vile vile, kwa umri wa faili angefika 1.3 baada ya miaka saba na miezi mitatu hivi.

Nilimwonyesha mke wangu namba hiyo. Aliitazama, hakusema nimefanya vizuri. Hakuwa na sababu ya kusema.

"Ameuliza kama unajua," alisema. "Nikamwambia wewe ndiye uliyejua kwanza.  Halafu akaniambia miezi sita ikifika anataka damu aitoe kwako, siyo kule; leo wamemtoa damu pia, wamemchoma mara tatu."

"Na hospitali? Nani atamsindikiza?"

Alinyanyuka, akajinyoosha bega lililoegemewa na yule bibi.

"Wewe," alisema. "Mimi nina sare mia na ishirini za kushona. Na mkae benchi moja."

Alivuka uwanja akafungua dirisha lake. Nilishusha kalenda ukutani, nikahesabu miezi sita kwa kidole. Iliangukia Alhamisi. Niliandika: *Ini. Mimi na yeye. Asile.* Kisha nikarudi kwenye sampuli.